Mama Kifungu Anasubiri Lifti

…na ile taa ya tatu nayo inakufa, inawaka, inakufa, inawaka tena, kama mtu anayekonyeza na hajui anamkonyeza nani, na mimi nimelala chali chini yake kwa sababu lifti haijaja, nesi kasema inakuja, mama, inakuja sasa hivi, akabana breki ya kitanda kwa mguu, tak, akaenda kugombana na fundi wa lifti kwenye simu ya ukutani, nami nimeachwa hapa koridoni kama gari lililoishiwa mafuta, kulia kaka yangu anatafuna karanga, kushoto Bwana Usalama anamung'unya peremende ya mnanaa, katikati mimi, tumbo tupu tangu jana, hata tone la maji nimekatazwa, na wote wawili wananitafunia masikioni bila haya… miwani yangu iko mfukoni mwa kaka, pamoja na hereni na funguo za nyumba, kwa hiyo watu wamebaki rangi tu, kulia doa kubwa la kahawia, hilo ni koti lake ambalo halivuliwi hata juani, kushoto doa jembamba la kijani, huyo ni Bwana Usalama, ofisa wa usalama wa ofisini kwetu, wamemvika joho la chumba cha upasuaji na kofia ya karatasi na mifuko ya plastiki viatuni, na pamoja na yote hayo bado amekaa kama mtu anayelinda mlango wa benki, maana anaingia na mimi mpaka ndani, ndiyo kazi yake ya leo, atakaa kichwani pangu tangu nisinzie mpaka nizinduke, ili nikiropoka jambo la serikali chini ya dawa alisikie yeye, kisha awakumbushe madaktari kwamba wao hawakusikia kitu… mtumishi anayeshughulikia mikataba ya ulinzi, akitiwa usingizi kwa ajili ya matibabu, ataambatana na ofisa wa usalama, ndivyo kanuni inavyosema, nami naijua neno kwa neno kwa sababu niliiandika mimi, mwaka ule mkurugenzi alipokwenda kukatwa ngiri ofisi nzima ikashikwa na kiwewe, wakaja mezani kwangu, Mama Kifungu, tuandikie kitu, nikaandika, nikaegemea kiti nikaitazama ile "ataambatana" nikaipenda, imesimama imara, haina mlango wa uani, kumbe nilikuwa najipimia nguo yangu mwenyewe…

"We Karatasi," anasema kaka, "hii bima yako mbona inaingia mpaka kwenye visu?" "Ni bima ya kina, mzee," anajibu Bwana Usalama, peremende ikigonga meno, "ya kina kabisa." "Kina gani hicho? Mimi nilipokatwa goti hakuna bima iliyokuja kunishika mkono." "Pole, mzee. Labda ulikata ile ndogo." Kaka nimemwambia huyu ni mtu wa bima, nataka kucheka na nimeambiwa nisichekecheke, tezi limekaa kooni kama embe lililomezwa zima… Karatasi, hilo ndilo jina langu kwake tangu nimalize chuo, kwa sababu yeye alikwenda jeshini akarudi na goti la chuma, mimi nikaenda serikalini nikarudi na karatasi, na miaka yote hii anaamini kazi yangu ni kununua mapazia, ndivyo tulivyoelekezwa tuwaambie nyumbani, mikataba ya vifaa vya ofisi, viti, mapazia, usafi wa vyoo, na mimi Mungu kanijalia uso wa mtu anayenunua mapazia, hakuna aliyewahi kuuliza mara mbili, isipokuwa aliyekuwa mume wangu, huyo aliuliza mpaka akachoka, siku anaondoka akaniambia hakuoa mke, alioa kabati lililofungwa na funguo hajui ziko wapi, nikataka kumwambia kwamba hata mimi jioni naziacha kwa mlinzi, kwa saini, ambayo ilikuwa kweli tupu, lakini nikaona huu si wakati wa mzaha… ofisini kwetu kuna chumba cha kusomea, simu unaiacha kwenye kijisanduku mlangoni, unaingia, unasoma mkataba, unaandika unachotaka kuandika, na ukitoka ulichoandika kinakatwakatwa na mashine mbele ya macho yako, unabaki nacho kichwani, basi kichwa changu ndicho ghala, mizinga, redio za mawasiliano, mafuta ya ndege, vifungu kwa vifungu, na mwaka juzi wakanipa cheti cha utumishi uliotukuka, kwa mchango wake adhimu katika, halafu mstari mweusi wa wino, halafu saini, nikakitundika chooni, kaka alipokwenda kunawa akarudi akiniuliza, "Mapazia gani hayo yamefutwa?"

"Unasikia baridi?" kaka anauliza. "Hapana." "Usiongee, tikisa kichwa tu." Natikisa. Daktari mpasuaji alikaa ukingoni mwa kitanda changu jana, mtu wa vidole virefu, akanichorea tezi kwenye karatasi, akasema nyuma yake unapita mshipa wa fahamu, mwembamba kama uzi wa kushonea, huo ndio unaobeba sauti, na tezi limeuegemea, tutautenga polepole, lakini sauti inaweza kubadilika, nikamwuliza kubadilika maana yake nini, akasema inaweza kuwa na mikwaruzo, nikasema au?, akasema au ikapungua, nikasema au?, akatazama dirishani, akasema au, mama, ukabaki kunong'ona, na hapo nikamshukuru, maana watu wanaojificha nyuma ya "inaweza" nimekabiliana nao maisha yangu yote, mzigo unaweza kuchelewa, ubora unaweza kutofautiana kidogo, na walipoleta fomu ya ridhaa nikaisahihisha kwa kalamu, nikafuta "na matokeo mengineyo" nikaandika matokeo yenyewe, nesi alicheka mpaka akashika kizingiti, jamani mama, hakuna mgonjwa aliyewahi kutusahihishia fomu, nami nikacheka, nikajiona shujaa, hadi alipotoka nikabaki na lile neno, kunong'ona… mtu aliyelipwa mshahara maisha yake yote ili anyamaze, leo anaogopa kunyamazishwa, kichekesho cha bure… "Usijali," anasema kaka, kama vile kanisikia, "sauti ikikataa utaniandikia. Kwani lini uliwahi kuniambia kitu?" Anasema kwa utani, karanga mdomoni, halafu anapapasa blanketi kwenye kifundo cha mguu wangu, mara mbili, jinsi mtu anavyompapasa punda…

Taa inakonyeza. Angekuwepo Mrefu angeshaitengeneza, Mrefu alikuwa rafiki wa kaka jeshini, kitanda cha juu na kitanda cha chini, mrefu mpaka miguu yake ilitokeza nje ya kitanda na wenzake wakawa wanatundika kofia zao kwenye vidole, alikuja kwetu kila likizo, akiinama mlangoni, akila sehemu ya watu watatu na kuomba radhi baada ya kila sahani, samahani mama, samahani tena, na siku moja balbu ya sebuleni iliungua, mama akaniita lete kiti, Mrefu akasema kiti cha nini, mama, akanyoosha mkono tu, akaifungua ile balbu kama mtu anayechuma tunda, akaweka nyingine, mama akapiga makofi, kaka akasema huyu tutamkodisha mtaani, na tangu afe balbu ile tunaibadilisha kwa kupanda kiti, na yeyote anayepanda hukawia kidogo huko juu kabla ya kushuka… risasi ya kifuani, doria ya mpakani, kaka akiwa pembeni yake, mikono yake miwili juu ya kile kifua, na amevaa shati tu, Mrefu, shati… "Mzigo ulikuwa umeshafika," kaka husema kila Jumapili kwangu, sahani zikiwa bado mezani, hata mtu asipouliza, maneno aliyoyaokota kambini, "fulana za kuzuia risasi zimejaa ghalani, mpya, ndani ya nailoni, na mtu mmoja, mtu mmoja na kalamu yake, kakataa kusaini. Kisa nini? Kifungu! Eti kifungu! Siku nikimpata huyo mtu, Karatasi, siku nikimpata…" na hapo hamalizi kamwe, huinua glasi ya maji akanitazama, si kwa kuwa anajua, ni kwa kuwa nimekaa mbele yake, nami namwongezea mchuzi.

Mtu mmoja na kalamu yake. Kalamu ilikuwa ya buluu, imetafunwa mwishoni, naikumbuka kuliko ninavyokumbuka pete yangu ya ndoa, na viatu vya visigino nikizama navyo kwenye vumbi la uwanja wa shabaha, kwa nini nilivaa visigino, kwa sababu wakili wa kampuni alikuwa na suti ya kijivu na mimi sikutaka anitazame kwa juu, basi… sampuli walizotuletea wakati wa zabuni zilikuwa nzuri ajabu, risasi ilinasa ndani kama nzi kwenye asali, lakini nilikuwa nimeweka kifungu, kifupi, hakuna aliyekigombania kwa sababu kilionekana cha kijinga, mzigo utakapofika vitajaribiwa kwa risasi vipande vitakavyochaguliwa na mnunuzi na si na muuzaji, na suti ya kijivu akatabasamu, mheshimiwa, tumeshakutengea hivi vya hapa mbele, nikasema vya mbele sina haja navyo, nataka sanduku la katikati, la chini kabisa, akasema itabidi tupakue yote, mheshimiwa, nikasema basi tupakue, akasema nchi iko vitani, mheshimiwa, na wewe unachezea masanduku, nikageuza ndoo nikaikalia, nikasubiri wapakue, jua likipanda… wakayavalisha magunia ya mchanga, mlenga shabaha akalala kifudifudi, na fulana ya kwanza risasi iliingia mbele ikatokea nyuma, mchanga ukamwagika taratibu, shhhh, bila aibu yoyote, ya pili vilevile, suti ya kijivu akawa anatafuta kitambaa mifukoni, ya tatu… nikaandika mzigo wote ukataliwe. Mkuu wetu akafunga mlango akasema umefanya sawa, na haitoki humu ndani, adui akijua vijana wako vifua wazi mpaka mzigo mwingine utengenezwe, tumekwisha, hata mume, hata ndugu wa tumbo moja, nikasema naelewa, na nilielewa, ilikuwa sababu nzuri, mpaka leo naiona nzuri, sheria mbaya nazijua kwa harufu na ile haikunuka… na katika kuungoja mzigo wa pili Mrefu akaenda doria.

Basi si kisu ninachokiogopa, kisu ni chuma tu, naogopa dawa, wiki nzima naogopa dawa, kwamba nitalala niseme Mrefu, niseme sanduku la katikati, niseme samahani mama, samahani tena, na wa kwanza kulisikia awe mtu wa ofisini mwenye kofia ya karatasi… "Watu husema nini," namwuliza Bwana Usalama, sauti inatoka nene, imebanwa, "wakishalala?" "Aa, mama, mambo hayo…" "Niambie. Nina haki ya kujua, ni mteja." Peremende inazunguka kutoka shavu hili kwenda shavu lile. "Wengi huita mama zao. Mmoja, mtu mkubwa sana, simtaji, aliimba wimbo wa chekechea, beti zote, akaomba tumpigie makofi." "Mkapiga?" "Daktari alipiga." "Na siri?" Anafikiri, doa la kijani linainama kidogo, najua ni mtu mwema, ana binti anayesoma udaktari na huleta vitumbua vya kununua siku ya mishahara bila kusema ni vyake… "Siri sijawahi kusikia, mama. Tangu nianze. Siri watu huzitoa wakiwa macho." "Siri gani tena za bima?" anadakia kaka. "Za wateja, mzee." "Ehe. Nyinyi na karatasi zenu."

Wakiwa macho… basi hata kanuni yangu ile nzuri ni mapazia tu, nimepeleka mlinzi kwenye mlango ambao hakuna anayepita, sawa, na kama ni kusema kweli, Mama Kifungu, hapa umelala, huna miwani wala hereni wala cheti, sema, fulana zile si siri tena. Hilo ndilo. Siri ya ununuzi huishi miaka kumi na tano, isipoongezewa muda kwa maandishi inakufa yenyewe, na katika kikao cha kuongeza muda mwanasheria ni mimi, mwaka jana faili lile likafika, mwenyekiti akauliza hili tunaliongeza?, wakanigeukia, nikasema hapana, halina haja, kwa sauti kavu ya mtu anayezungumzia viti vya plastiki, likapita, tukanywa chai, nikaendesha gari kurudi nyumbani nikijiambia Jumapili hii, Jumapili hii nitamwambia, na Jumapili ikaja, mtu mmoja na kalamu yake, nikaongeza mchuzi, na ya pili yake, na ya baada yake… kumbe si sheria, sheria imenifungulia mlango mwaka mzima, imesimama pale imeushika mlango kama mhudumu wa hoteli, na mimi sipiti. Ni ile ya tatu. Ya tatu ilizuia. Risasi iligonga ikabaki, gunia halikutoa hata punje, mlenga shabaha akanyanyua kichwa akanitazama, na ya nne ikapenya, na ya tano, na ya sita ikazuia, zilikuwa hivyo, nyingine chuma, nyingine kadibodi, zote sura moja, nailoni moja, na kaka yangu si mjinga, watu wanamwona goti na koti na karanga wanadhani ni mzee wa kupiga soga, lakini atanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha atauliza swali moja tu, zote zilipenya?, na nitalazimika kusema hapana, si zote, na tangu siku hiyo atakuwa anamvalisha Mrefu ile ya tatu, kama ninavyomvalisha mimi, nikipiga mswaki namvalisha, nikisubiri taa ya barabarani namvalisha, mara nyingine inapenya, mara nyingine anainuka, anajipangusa vumbi, anasema samahani mama, ananyoosha mkono anafungua balbu… hilo ndilo nililomficha, nikaliita siri ya nchi.

"Inakuja, mama!" nesi anapaza sauti kutoka kwenye simu, hata yeye hajiamini, taa inakufa, inawaka, karanga, peremende… lakini ngoja, ngoja, fulana ya kaka ni ipi? Nimekuwa nikidhani namkinga na fulana ile ya tatu, na kichwani mwake ghala zima ni kama ile ya tatu, zote mpya, zote zinazuia, kila Jumapili anamvalisha Mrefu fulana nzima isiyopenyeka na kila Jumapili mpumbavu mmoja mwenye kalamu anakuja anamvua, miaka yote hii, kwa sababu ya kifungu, kwa mchezo, kwa uvivu, yeye hana hata punje ya mchanga ya kushika, mchanga wote ninao mimi, nimeukalia kama ile ndoo, na ninajiona mwenye huruma, nikimwongezea mchuzi… atauliza zote zilipenya, nitasema hapana, kaka, si zote, na hakuna aliyeweza kujua ipi ni ipi mpaka uipige risasi, nami sikuweza kukupa wewe moja na Mrefu moja nikangoja kusikia nani kapata ya kadibodi, ndivyo nitakavyosema, huo ndio ukweli wote, hauna "inaweza" ndani yake, na kama baada ya hapo hataki tena kuja Jumapili basi asije akiwa anamjua anayemkasirikia… na daktari kasema kunong'ona, hili si jambo la kunong'ona, wala si la kumwandikia kwenye karatasi, kwangu mimi keshapata karatasi za kutosha.

"Bwana Usalama." "Naam, mama." "Mambo ambayo muda wake umekwisha…" na namwachia hapo, mtu wa kazi yake hahitaji kumaliziwa, peremende inasimama, nasikia inavyosimama, halafu anasema polepole, "Yaliyokwisha muda mimi siyalindi, mama. Hayo ni ya mwenyewe," na doa la kijani linanyanyuka, mifuko ya plastiki ikichakacha sakafuni, "mzee, nakwenda kuwasaidia kuita hiyo lifti," anaondoka kuelekea kwa nesi, mtu ambaye kanuni yangu inamkataza kuniacha, ingawa ukiisoma vizuri inasema akitiwa usingizi, na mimi niko macho, macho kabisa… "Lifti inaitwaje, kwani ni mbuzi?" kaka anamsindikiza kwa maneno, anaguna, anamenya karanga nyingine, ganda linaanguka juu ya blanketi langu, analiokota kwa vidole viwili, kwa uangalifu wote, kama vile lingeniumiza. "Kaka." "Nimekwambia usiongee, utachosha koo." "Kaka, yule mtu mwenye kalamu." Na taa inakufa, inawaka, na lifti haijaja, na isije, bado kidogo isije, na upande wa kulia karanga zimenyamaza, doa la kahawia limeganda pale pale, kubwa, halina macho wala mdomo, na siwezi kuliambia doa, "subiri," namwambia, "kwanza nipe miwani yangu."